Ukakamavu Kabla ya Wati

Useremala wangu umepita kwenye patasi, kwenye ruta ya mkono, na sasa kwenye mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta, na kati ya yote niliyojifunza hakuna ninalolitetea kwa moyo kama hili: anayejiundia au kununua mashine yake ya kwanza atangulize fedha kwenye fremu na reli, kisha kwenye biti na vifaa vya kushikia mbao. Mota ya kukatia ije mwisho. Matangazo huanza na wati, nami naelewa kwa nini, maana wati huandikika kirahisi kwenye kasha. Ila mbao haikatwi na wati. Hukatwa na makali yaliyoshikiliwa mahali pake yasiyumbe.

Hesabu yenyewe haina huruma. Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili, ukiirefusha maradufu, hupinda mara 8 kwa nguvu ileile. Kwa hiyo anayeongeza upana wa mashine bila kunenepesha boriti yake amenunua mtikisiko. Fimbo za duara zilizoshikwa ncha mbili tu hupinda katikati, pale hasa kazi inapofanyika. Reli bapa zilizofungwa skrubu urefu wote juu ya alumini nene huepuka udhaifu huo. Biti nayo ina sheria yake: ya milimita 3 hupinda mara 16 zaidi ya ile ya milimita 6 iliyochomoza urefu uleule. Ndiyo sababu napendelea koleti (kishikio cha biti) iliyonyooka na biti fupi ya kabaidi kuliko mota kubwa yenye koleti iliyopinda.

Nitaambiwa kwamba mashine legevu inatosha kwa mwanafunzi, apunguze mwendo tu. Kupunguza kina cha mkato ni halali kabisa. Mwendo ni habari nyingine. Biti yenye meno mawili, ikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kusogea milimita 1,800 kwa dakika, kila jino hung'oa unyuzi wa milimita 0.05. Shusha mwendo hadi 300 bila kugusa mizunguko, na jino halipati hata sehemu moja kwa mia ya milimita. Hapo halikati tena, linasugua. Joto linapanda, mbao inaungua, makali yanakwisha. Mizunguko nayo hushuka kwa kiasi tu, kwa kuwa mota nyingi ndogo hulegea zikizunguka polepole. Mninga unaweza kuvumilia. Mvule, ambao mara nyingine hubeba mawe ya chokaa ndani yake, hauvumilii. Mwanafunzi wa mashine ya namna hiyo anajifunza kuogopa mbao ngumu, ambazo ndizo utajiri wetu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ukubwa: mashine fupi iliyokakamaa itachongaje mlango? Tazama milango ya Zanzibar na Lamu. Miimo, kizingiti cha juu na mfaa huchongwa kila kimoja peke yake, ndipo vikaunganishwa. Kipande kirefu hupita kwenye mashine iliyo wazi mbele na nyuma, kikisogezwa hatua kwa hatua na kushikizwa kwa vijiti vya kulenga vilivyochomekwa mezani. Kazi hiyo inadai subira na upimaji makini, na seremala ana vyote viwili.

Katika vifaa vya ziada, naweka swichi za mwisho wa mhimili mbele ya urembo wowote. Mota za hatua zisizo na kihisi cha mrejesho hazijui zilipo. Umeme ukikatika, mahali pamepotea. Swichi hizo ni za bei ndogo, nazo huirudisha mashine kwenye sifuri ileile, mradi mbao haijaondolewa wala kusogea. Kitufe kikubwa cha kuzimia kiwe karibu na mkono.

Kifyonza vumbi wengi hukiahirisha, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mashine hii hutoa vumbi jembamba kwa saa nyingi mfululizo, ndani ya chumba ambacho mara nyingi ni kidogo. Ikibidi kuchagua kati ya bomba la kufyonza na mota ya kilowati 2.2, nunua bomba, na barakoa ya kuchuja vumbi juu yake.