Safari ya Ndege: Tulivyopanga na Tulivyopangua

Wengi mnatuuliza: ile safari ya kutazama ndege imefika wapi? Sisi wakapita ndio tuliitangaza mbele ya bendera, basi ni haki tujibu wenyewe, sio maneno yazunguke tu uwanjani.

Jambo lilianzia katika somo la biolojia. Mwalimu alituambia ya kwamba mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia wa ncha mbili, wale wanaopita juu ya uwanja wa mpira, sio wenyeji. Wanazaliwa mbali kaskazini, wengi katika mazizi ya Ulaya, na wanakuja huku wakati baridi inakamata kule. Mwezi wa tatu na wa nne, kwetu ni mvua, kwao majani yanachipua. Ndipo wanarudi kutaga mayai. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vinne au vitano vya sukari, na anavuka jangwa la Sahara.

Tulicheka. Lakini mwalimu akaleta habari ya korongo mweupe wa mwaka 1822. Huyo alipigwa risasi Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, kumbe shingoni amebeba mkuki wa Afrika, urefu wake sentimita 80 hivi. Alichomwa huku kwetu, akaruka nao mpaka kule! Zamani hata wenye elimu walifikiri ndege wengine wanalala ndani ya maji wakati wa baridi. Yule korongo anatunzwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Hapo tuliacha kucheka.

Basi tukapanga. Tulitaka kwenda Maziwa ya Mokoto, pale Ndalaga, ambalo ni kubwa kupita mengine, Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Tuliandika kila kitu: wanafunzi 24, walimu 2, mihogo ya kuchemsha, maharagi, daftari 6, na darubini moja ya kuazima. Kutoka saa kumi na moja asubuhi, sababu ndege wanaonekana vizuri mbele ya jua kali. Tuliandika hata nguo: kila mtu avae rangi ya majani, ndege wasiogope.

Karatasi ilifika kwa wazazi. Mama mmoja akaja mpaka kwenye barza ya shule, akaisoma pole pole, halafu akasema: "Wanangu, vijana zaidi ya makumi mbili, nguo za kijani, na jumeli, asubuhi sana, porini. Mwenye kuwaona toka mbali atasema munatafuta ndege?"

Tulinyamaza. Sisi wote tunakumbuka Januari 2024, mabomu yalipoanguka hapa Mweso, raia wakafa, na maelfu ya watu wakakimbilia hospitali. Tulikuwa tumefikiri juu ya chakula, tukasahau njia. Hilo ni kosa letu sisi wakapita, si la mtu mwingine.

Wengine walikasirika. Walisema: ndege wanavuka nchi nyingi bila kuomba ruhusa, na sisi hata maziwa ya kwetu hatufiki! Neno hilo lilituuma, na jibu lake hatuna. Lakini Bwana Prefe alituuliza swali moja tu: "Hawa ndege wanapita Mokoto peke yake?"

Kumbe hapana. Ndipo tukapanga upya, bila kutoka mbali. Makundi matatu, kila kundi watu 8. La kwanza linakaa uwanjani, kuhesabu mbayuwayu. La pili linakaa kwenye malisho hapa karibu, kutazama kile kindege cha njano kinachotikisa mkia katikati ya ng'ombe. Nacho ni mgeni, kinarudi kaskazini. La tatu linakaa chini ya mikaratusi, kusikiliza keremkerem wanaopita juu sana. Mara nyingi sauti yao inawatangulia. Kila siku nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, toka tarehe 1 Machi mpaka mwisho wa Aprili. Tunaandika tarehe, saa, hali ya mvua na hesabu. Usiyemjua, andika "simjui". Usibuni. Daftari litabakia shuleni, sababu sisi wa darasa la sita tutakwenda kisha mtihani wa serikali.

Sasa neno zito. Siku ya tatu tulihesabu mbayuwayu 41. Siku ya nne tulikuta mmoja chini, amepigwa kwa manati. Aliyepiga ni mmoja wetu, kapita. Ameomba msamaha mbele ya darasa. Tulimshika yule ndege mkononi, mmoja mmoja. Ni kama hukushika kitu. Alibakiza Sahara nzima mbele yake, akafa kwa kajiwe ka Mweso.

Kwa hiyo tunaomba manati yote yaletwe ofisini mpaka mwisho wa Aprili. Sisi wakapita tumekwisha kuleta yetu. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, mstari wa 7, anasema ndege wanajua majira yao, lakini watu hawajui yaliyo ya Mungu. Tusome na tujipime.

Yule mama naye ametutuma: tumwambie siku mbayuwayu watakapokwisha, na siku watakaporudi, mwezi wa tisa au wa kumi. Tulimwuliza, juu ya nini? Akajibu: "Napenda kujua kama kuko mwenye kutoka hapa na kurudi salama."

Wanaotaka kuhesabu pamoja nasi watoe majina kwa kapita wa darasa lao mbele ya Ijumaa. Darubini ni moja. Macho tuko nayo ya kutosha.

Kapita Mkuu, Darasa la Sita