Nauli ya Bento Ribeiro

Mgeni afikapo katika jiji la Rio de Janeiro, nchini Brazili, kwa kawaida huelekezwa baharini. Huonyeshwa mchanga wa Copacabana na Ipanema, akapandishwa mlimani kuitazama sanamu ya Kristo iliyozinduliwa mwaka 1931, kisha akarudishwa hotelini akiamini kwamba Rio ameiona. Lakini jiji hilo lina sura ya pili ambayo haimo katika picha za kadi. Sura hiyo imeipa bahari kisogo ikajipanga kandokando ya reli. Huko ndiko wanakolala watu wanaoamka alfajiri kwenda kutandika vitanda vya hoteli hizo, kuendesha mabasi ya jiji, kujenga majumba yake na kuuza katika maduka yake.

Safari yetu ya leo, ndugu msomaji, ni ya kwenda huko. Tutapanda treni ya abiria kutoka katikati ya jiji hadi kitongoji cha Bento Ribeiro. Hapo alikulia mtoto mmoja aliyekwamishwa na nauli, mtoto ambaye baadaye klabu tajiri za Ulaya zilimgombania kwa mamilioni. Jina lake ni Ronaldo Luís Nazário de Lima, na safari yake kutoka kitongojini hadi kilele cha kandanda ya dunia ina mafunzo yake kwa kila mzazi na kila kijana.

STESHENI YENYE SAA

Stesheni kuu ya treni za Rio huitwa Central do Brasil. Huitambulisha kwa mbali mnara wake mrefu wenye saa ya nyuso nne, ili mfanyakazi, atokee upande wowote, asipate kisingizio cha kuchelewa. Reli ya njia hii ilifunguliwa mwaka 1858, enzi za Kaizari Pedro wa Pili, ikapewa jina lake. Wakati huo Brazili ilikuwa bado nchi ya utumwa, na utumwa haukufutwa huko hadi mwaka 1888. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakuu wa jiji walibomoa nyumba nyingi za mafukara katikati ya Rio ili wapanue barabara. Waliobomolewa, wengi wao wakiwa wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo, baadhi walipanda vilimani, na wengine waliifuata reli. Ndipo vitongoji vikaota kando ya stesheni, kama uyoga uotavyo penye kisiki. Mwaka 1937 treni za umeme zilianza kwenda njia hiyo, na tangu hapo maisha ya wakazi yakapimwa kwa saa ya treni.

Kutoka Central hadi mwisho wa njia, Deodoro, ni kilometa zipatazo 22. Dakika chache tu baada ya kuondoka, treni hupita São Cristóvão, kitongoji kilichokuwa na kasri la makaizari. Msomaji akiweke moyoni kitongoji hicho, maana tutakirudia. Inayofuata ni Maracanã, na hapo abiria huuona kupitia dirishani ule uwanja mashuhuri uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1950. Kisha Mangueira, kilima cha wacheza samba, halafu Engenho de Dentro, palipokuwa na karakana kubwa za reli.

Mbele kidogo iko stesheni ya Quintino. Hapa alizaliwa Zico mwaka 1953, yule fundi wa mpira aliyeitukuza klabu ya Flamengo na kuivaa jezi ya taifa katika mashindano ya mwaka 1978, 1982 na 1986. Baada ya Quintino ni Cascadura, kisha Madureira yenye soko lisilolala, kisha Oswaldo Cruz, na hatimaye Bento Ribeiro. Kwa hiyo mtoto wa Bento Ribeiro aliyependa mpira hakuhitaji kutafuta mfano mbali. Shujaa wake alikuwa ametoka stesheni chache tu kutoka kwao, kwenye reli ileile.

MTOTO WA RELI

Ronaldo alizaliwa Septemba, 1976, wa mwisho katika familia ya Nélio na Sônia. Nyumbani hapakuwa na njaa ya kutisha, lakini hapakuwa na ziada pia. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja, wazazi wake walitengana, na mzigo mkubwa wa malezi ukabaki mabegani mwa mama. Shule haikumkaa moyoni. Mpira ulimkaa.

Kabla hajajulikana katika viwanja vya majani, Ronaldo alicheza mpira wa ukumbini, ambao Wabrazili wengi huanzia. Mpira huo huchezwa na watu watano kila upande, juu ya sakafu ngumu, katika nafasi finyu. Mpira wenyewe ni mdogo na mzito, haudundi sana, na adui yuko kifuani kila sekunde. Mchezaji hana nafasi ya kukimbia hatua hamsini, wala muda wa kufikiri mara mbili. Hujifunza kuuficha mpira kwa wayo, kumhadaa mlinzi kwa kiuno, na kupiga bila ya kurudi nyuma kuvuta nguvu. Katika kumbi za vitongoji, kwanza Valqueire kisha Ramos, kijana huyo alipata elimu ambayo baadaye iliwashangaza walinda mlango wa Ulaya. Waliomwona akimzunguka kipa na kuusukuma mpira wavuni taratibu walidhani ni kipaji cha kuzaliwa tu. Kipaji kilikuwapo, lakini kilikuwa kimepitia chuo.

NAULI

Kama watoto wengi wa Rio, Ronaldo aliipenda Flamengo, klabu ya Zico. Siku ikafika akaenda kufanya majaribio huko. Makao ya Flamengo yako Gávea, ng'ambo ya milima, kando ya ziwa, katika ile Rio ya matajiri. Kutoka Bento Ribeiro kwenda huko ni safari ya kuvuka jiji zima na kubadili vyombo njiani, na jioni kurudi vilevile. Mazoezi hayafanywi mara moja kwa mwezi. Kila siku ni nauli ya kwenda na nauli ya kurudi.

Fedha hizo nyumbani hazikuwapo. Klabu ikaombwa imsaidie kijana nauli ya basi, nayo haikukubali. Mlango ukafungwa hapo. Mguu wake haukuwa na kosa, wala mapafu yake, wala nidhamu yake. Alishindwa na kitu ambacho msomaji anayehesabu sarafu zake kila asubuhi kituoni anakifahamu vizuri.

Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini, kama wasemavyo wazee, riziki haivutwi kwa kamba. Ronaldo alikwenda São Cristóvão, klabu ndogo na kongwe iliyowahi kuwa bingwa wa Rio mara moja tu, mwaka 1926. Klabu hiyo haikuwa na fedha wala fahari. Ilikuwa na jambo moja muhimu: uwanja wake uko katika kitongoji kile cha São Cristóvão, kwenye njia ileile ya reli. Mtoto wa reli akaipata klabu ya reli.

Hapo ndipo jina lake lilipoanza kunong'onwa. Jairzinho, aliyefunga bao katika kila mchezo wa Brazili kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1970, alimwona, akaishawishi klabu yake ya zamani ya Cruzeiro, ya mji wa Belo Horizonte, imchukue.

KUPAA

Mei, 1993, akiwa na miaka 16, Ronaldo alichezea kikosi cha wakubwa cha Cruzeiro kwa mara ya kwanza. Novemba ya mwaka huohuo aliifunga Bahia mabao matano katika mchezo mmoja. Moja kati ya hayo lilichekesha nchi nzima: mlinda mlango, mtu mzima mwenye sifa, aliuweka mpira chini bila ya kutazama nyuma, na kijana aliyekuwa amenyemelea kisogoni akauiba na kuutia wavuni. Kwa jumla aliifungia Cruzeiro mabao 44 katika michezo 47.

Machi, 1994, aliivaa jezi ya taifa dhidi ya Argentina. Miezi michache baadaye alikwenda Marekani na timu iliyotwaa Kombe la Dunia, ingawa hakucheza hata dakika moja. Kijana wa miaka 17 alikaa benchi, akatazama, akajifunza. Baada ya hapo alihamia PSV ya Uholanzi, klabu aliyokuwa ameichezea Romário kabla yake, na katika msimu wa kwanza wa ligi akafunga mabao 30.

Mwaka 1996 Barcelona ya Hispania ilimnunua kwa pauni za Kiingereza zipatazo milioni 13, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia kwa wakati huo. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo, akicheza dhidi ya Compostela, aliuchukua mpira katika nusu ya uwanja ya timu yake, akavutwa jezi asianguke, akawapita walinzi mmoja baada ya mwingine na kufunga. Kocha wake, Mwingereza Bobby Robson, alisimama akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mwisho wa msimu hesabu ilikuwa mabao 47 katika michezo 49. Mwaka huohuo wa 1996, akiwa na miaka 20, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa dunia, na hapajawahi kutokea mdogo kuliko yeye kupata tuzo hiyo. Mwaka 1997 Inter ya Milano ilimchukua kwa zaidi ya pauni milioni 19, rekodi ya dunia kwa mara ya pili. Waitalia wakampa jina la Fenomeno, yaani maajabu.

Hebu msomaji apige hesabu mwenyewe. Nauli ngapi za treni, za kwenda na za kurudi, zingepatikana katika fedha hizo?

GHARAMA YA UKUU

Lakini soko la wachezaji lina kauli moja: aliyenunuliwa ghali lazima acheze. Tarehe 12 Julai, 1998, siku ya fainali ya Kombe la Dunia huko Saint-Denis, karibu na Paris, Ronaldo alipatwa na kifafa cha ghafla hotelini. Alipelekwa hospitali, akarudi, na jioni akaingia uwanjani. Alicheza kama mtu aliye ndotoni, na Ufaransa ikashinda kwa mabao 3 kwa 0. Alikuwa na miaka 21.

Novemba, 1999, goti lake la kulia liliumia vibaya. Akapasuliwa, akasubiri miezi. Tarehe 12 Aprili, 2000, alirudi katika mchezo dhidi ya Lazio mjini Roma. Dakika chache tu baada ya kuingia, goti lilikatika tena, na watu wazima walilia walipomwona akilishika na kupiga kelele. Wengi waliamini hadithi imekwisha. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kijana aliyekuwa akiwapita mabeki kama upepo alijifunza upya kukunja mguu.

Juni, 2002, katika Kombe la Dunia la Japani na Korea Kusini, alifunga mabao manane, mawili kati ya hayo katika fainali dhidi ya Ujerumani mjini Yokohama, na Brazili ikatwaa kombe kwa mara ya tano. Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 alijitokeza kuinunua sehemu kubwa ya klabu yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Cruzeiro, iliyokuwa imezama katika madeni na kushuka daraja. Ikarudi Ligi Kuu mwaka 2022, naye akaiuza mwaka 2024.

UKUTA WA SÃO CRISTÓVÃO

Turudi stesheni tuliyoiweka moyoni. Katika uwanja mdogo wa klabu ya São Cristóvão yaliandikwa maneno makubwa ya Kireno, yanayosomeka na wapitao katika barabara ya juu iliyo jirani. Maana yake ni kwamba Fenomeno alizaliwa hapo. Kwa cheti cha kuzaliwa maneno hayo si kweli. Hata hivyo, klabu maskini ina haki ya kujivunia: ilimpokea mtoto ambaye klabu tajiri ilimwacha arudi nyumbani kwa sababu ya bei ya tiketi.

Wazazi wengi husimulia maisha ya wachezaji wakubwa ili kuwaambia watoto kwamba mwenye bidii hufika. Ni maneno mema, na bidii ni ya lazima. Lakini atakayeipanda treni ya Deodoro hadi Bento Ribeiro atayaona mengine pia. Jioni mabehewa hujaa watu waliochoka, na kandokando ya reli watoto hucheza mpira kama walivyocheza babu zao. Ronaldo alifika kwa sababu ilikuwapo klabu nyingine kwenye reli ya kwao, na alikuwapo mtu mmoja mwenye jicho aliyesema neno kwa wakati. Kama São Cristóvão ingekuwa ng'ambo ya milima, huenda leo tusingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Basi, tunapolitaja jina la Ronaldo, tumkumbuke na mwenzake mmoja wa Bento Ribeiro, au wa Madureira, au wa kitongoji chochote kilicho mbali na uwanja wa mazoezi. Alikuwa na mguu mzuri, labda mzuri zaidi. Jina lake hatulijui, kwa kuwa siku ile hakuwa na nauli.