Kilo Moja ya Maji

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu umekaririwa na vizazi vingi, lakini ni nadra kuulizwa: je, ni nani amfundishaye mtoto pale milango ya shule inapofungwa? Nchini Kenya swali hilo lilikuja bila kubisha hodi. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikuwa imemlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni. Sasa kila mzazi alitakiwa kumweka mtoto wake nyumbani. Tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kuwa wanafunzi wasingerejea madarasani hadi Januari 2021. Hivyo ndivyo wazazi wengi walivyojikuta walimu bila ya kusomea ualimu.

Mmoja wao alikuwa mama wa watoto wawili huko Kanja, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru. Binti yake alikuwa katika gredi ya pili, na mvulana wake alikuwa bado katika shule ya chekechea. Mama mwenyewe aliishia darasa la nane, karo ya sekondari ilipokosekana. Alinunua daftari la mistari, akatenga meza ya jikoni kuwa darasa, na kila asubuhi akawasha redio ili watoto wasikilize vipindi vya masomo. Betri zilipoisha nguvu, sauti ya mwalimu wa redioni ilififia ikawa mnong'ono, kisha ikanyamaza. Aliyebaki kuulizwa maswali ni yeye.

Asubuhi moja ya mwezi huo wa Julai, baridi ilikuwa kali na Kirinyaga ilikuwa imejifunika mawingu. Wajuao nchi ile wanafahamu kwamba Julai haileti mvua ya kishindo. Huleta unyevu mwembamba usioisha, unaoning'inia hewani na kulowesha nguo kabla mtu hajatambua kuwa kunanyesha. Binti alisimama mlangoni akauliza, "Mama, mvua hii inaitwaje kwa Kiswahili?"

Mama akajibu, "Ni mvua."

"Hiyo ni *mbura*. Hii ndogo, nayo?"

Mama hakuwa na jibu. Akajifanya kutafuta gambuti zake chini ya kitanda, na aibu ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuchuma majani chai katika shamba lililo upande wa juu, kuelekea msitu wa mlima. Kwa desturi, angewaacha watoto kwa nyanya yao. Lakini mkongwe huyo alikuwa na pumu, na ugonjwa uliokuwa ukienea uliwatisha wazee kuliko watu wote. Basi akawafunga watoto leso vichwani, akawavalisha barakoa za kitambaa, akamkatia kila mmoja jani la mgomba la kujikinga, wakaanza kupanda mlima.

Udongo mwekundu wa Embu ukilowa huwa hauna rafiki. Mvulana aliteleza mara mbili, na mara ya pili akatumbukia katika mtaro hadi kiunoni. Alilia kwa muda, akanyamaza, kisha akaanza kukohoa. Mama alimvua shati, akamfunika kwa sweta yake mwenyewe, akamketisha chini ya mti pembezoni mwa shamba. Akajifunga nailoni kiunoni, akaingia kati ya mistari ya michai. Ili binti asije akapotewa na hesabu, alimwambia ahesabu kwa sauti kila mara mkono wa mama unapochuma majani mawili na chipukizi. Walifika mia mbili, wakaanza tena. Kikohozi cha mvulana kilikuwa kikihesabu pamoja nao.

Alasiri walikishusha kiroba hadi katika kituo cha kukusanyia majani. Watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja akiwa mbali na mwenziwe kwa mita moja na nusu kama ilivyoamriwa, na ndoo ya maji na sabuni ikiwa mlangoni. Hapo ndipo mvulana alipokohoa tena. Mazungumzo yakakatika. Jirani aliyekuwa amewasalimu kwa furaha muda mfupi uliopita akarudi nyuma hatua tatu, akitazama pembeni. Katika miezi ile kikohozi cha mtoto kilitosha kumtenga mama na kijiji chake. Alitamani kumbeba mwanawe na kuondoka, lakini kiroba kilikuwa ndicho unga wa wiki nzima.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, hakurudi nyuma. Alimtazama mvulana aliyetetemeka, akasema kwa upole, "Manyunyu haya yamemwingia kifuani. Akifika nyumbani mpe uji wa moto."

Binti alidaka neno lile. "Babu, umesema manyunyu?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Manyunyu, au rasharasha."

Mama alilisikia. Akalirudia kimoyomoyo mara mbili ili asilisahau.

Zamu yao ikafika. Kiroba kikaning'inizwa kwenye mizani, na tarakimu zikaonyesha kilo 14. Karani akabonyeza, risiti ikatoka ikiwa na 13. Binti, aliyekuwa ameshinda akihesabu tangu asubuhi, akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Babu, umekosea. Ni kumi na nne."

Karani hakukasirika. Alimweleza kuwa majani yamelowa, na maji si chai. Kiwandani majani hunyaushwa kwanza ili maji yapungue. Yapata kilo nne na nusu za majani mabichi ndizo hutoa kilo moja ya chai iliyo tayari. Kwa hiyo, akasema, kilo moja imeondolewa kwa ajili ya maji ya mvua.

Lilikuwa somo zuri la sayansi, na binti alilisikiliza kwa makini. Kisha akauliza, "Na siku ya jua, yakija makavu, huwa huondoi?"

Karani alikawia kujibu. "Huwa naondoa pia. Ya gunia."

"Gunia ni kilo moja?"

Mama alihisi miguu ikimlegea. Kwa miaka sita alikuwa amepokea risiti zake hapo na kuzikunja bila neno, akiamini kuwa mtu aliyeishia darasa la nane hana haki ya kuuliza mambo ya mizani. Alinyoosha mkono amzibe mtoto mdomo. Mkono ukaishia begani pa mtoto, ukakaa hapo.

Risiti haikubadilishwa. Kilo 13 zilibaki kuwa 13. Lakini walipokuwa wakiondoka walimsikia yule jirani aliyerudi nyuma akimwambia karani, "Langu lipime kwanza likiwa tupu."

Usiku huo mvulana alikunywa uji, akatokwa na jasho, akalala bila kukohoa. Mama akafungua daftari. Kwa mara ya kwanza hakumwandikia binti cha kunakili. Yeye mwenyewe alishika kalamu na kuandika *manyunyu*, kisha *rasharasha*, na chini yake *mbura* na *mvua*. Binti aliyatazama maneno hayo mawili ya mwisho na kusema yanafanana kama ndugu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Wasomi wamebishana kuhusu pendekezo hilo kwa miongo mingi. Katika jiko lile, mtoto alivuka kutoka Kiembu hadi Kiswahili bila kuombwa ruhusa na yeyote, naye mama aliyeona aibu kwa kukosa neno akavuka pamoja naye.

Si haki kusema kwamba korona iliwafaa watoto. Wako waliofungiwa shule na hawakurudi tena. Lakini ni kweli pia kwamba wazazi wengi wanyonge hujiona hawana cha kufundisha, kwa sababu wamezoea kuupima ufundishaji kwa wingi wa majibu. Mama wa Kanja hakuwa na jibu hata moja siku ile. Alichofanya ni kutomziba mtoto mdomo.

Shule zilipofunguliwa tarehe 4 Januari 2021, binti alirejea katika gredi ya pili kuumalizia mwaka uliokatika, akiwa na daftari lile mkobani. Kwenye ukurasa wa Julai, chini ya majina ya mvua, palikuwa na hesabu iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto: 14 − 1 = 13. Mbele yake alikuwa ameandika, "Kwa nini?"