Alama ya mtoto si kosa la mama

Leo sileti habari ya treni wala ya bei ya unga. Naleta habari ya nyumbani kwetu.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa hapa Kabongo na alama nyekundu, toka paji la uso na kope mpaka shavuni. Mama mmoja wa mtaa alisema dada alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Mwingine akaleta sabuni ya kung'arisha ngozi. Dada akaanza kumfunika mtoto uso kwa kitambaa, hata kanisani.

Kazi yangu ni kuuliza, basi nikauliza na kusoma. Alama ile ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka ndani ya ngozi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba inatokana na badiliko katika jeni moja, linalotokea mtoto akiwa tumboni. Halirithiwi, wala mama halileti.

Dawa yake ni lazeri. Damu inanyonya mwanga wake, mshipa unapata moto mpaka unafunga. Lakini mishipa hailingani: mingine iko juu, mingine chini, mingine minene, mingine myembamba. Kwa hiyo kuna waganga wanaopiga kwanza picha ya ndani ya ngozi kwa mwanga, bila kukata, waone kina na unene wa mishipa, ndipo wapange nguvu ya lazeri. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kipimo kinataka uangalifu zaidi, maana rangi yetu nayo inanyonya mwanga huo. Nguvu ikizidi, mtoto anaungua na kubaki na kovu au doa.

Mashine hizo hapa kwetu hazipo. Lakini kuna jambo lisilongoja mashine. Alama ikishika paji la uso na kope, inaweza kuambatana na presha ya jicho na kifafa. Mtoto apimwe macho mapema, na akishtukashtuka mwili apelekwe hospitali siku ileile.

Wiki iliyopita dada alipanda moto na mtoto mgongoni kwenda Kamina, na kutoka pale atafute njia ya Lubumbashi kwa muganga wa macho. Sabuni tumeitupa. Kitambaa alikiacha kwangu.

Mama mwenye mtoto kama huyu, usimpake kitu, usimchome, usimfiche. Mpeleke apimwe.