Sardinia: Chagua ufuo kwa kufuata upepo

MSOMAJI, tuseme umepata likizo ya wiki mbili, viza ya Schengen imo kwenye pasipoti, na ndugu yako anayefanya kazi Italia amekualika wewe na jamii yako mwende pamoja katika kisiwa cha Sardinia. Kila utakayemwuliza atakwambia kuwa fuo za huko ni za kupendeza mno, na hatakuwa amekudanganya. Taabu ni kwamba ziko nyingi kupita kiasi. Pwani ya kisiwa hicho ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,800, nawe una siku 14 tu, watoto wawili wasiopenda kukaa garini, na mfuko wa mtu wa mshahara. Je, utaanzia wapi?

Wengi huanza na picha. Huona maji ya rangi ya samawati kwenye kalenda au katika simu ya rafiki, wakasema, "Hapo ndipo!" Wakifika wanakuta mawimbi yanapiga miamba kwa hasira, mchanga unawachoma miguu kama sindano, na miavuli inakimbizana ufuoni. Mimi ningekushauri uanze na upepo.

Sardinia ni cha pili kwa ukubwa miongoni mwa visiwa vya bahari ya Mediterania, baada ya Sicily. Eneo lake ni kama kilomita 24,000 mraba. Unguja ingeingia humo zaidi ya mara kumi na nafasi ikabaki. Kwa ukubwa huo, si ajabu upande wa magharibi uchafuke huku upande wa mashariki bahari imetulia kama maji ya mtungi. Upepo mkuu wa huko huitwa maestrale. Hutoka kaskazini-magharibi, na ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Mwenzake, scirocco, hutoka kusini-mashariki ukiwa umebeba joto na vumbi la jangwa la Sahara.

Basi kanuni ya wenyeji ni nyepesi. Maestrale ikivuma, wao hukimbilia fuo za mashariki. Scirocco ikivuma, huenda magharibi. Nahodha wa Lamu aliyelelewa na kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa sababu hiyo, si busara kulipia hoteli moja kwa siku zote 14. Gawanya safari: wiki moja kusini karibu na mji mkuu, Cagliari, na wiki ya pili kaskazini. Kisiwa kina viwanja vitatu vya ndege, Cagliari, Olbia na Alghero, kwa hivyo unaweza kuingilia mlango mmoja na kutokea mwingine. Wapo pia wanaovuka kwa meli kutoka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma.

Jambo jingine litakalomshangaza mtu aliyezoea Nyali au Bamburi ni kuwa maji ya huko ni kana kwamba hayajai wala hayapwi. Tofauti yake haifiki hata nusu mita. Hutasubiri maji yarudi ndipo uogelee, wala hutatembea juu ya matumbawe kutafuta kina. Lakini usifikiri kuwa maji hayo ni ya uvuguvugu kama ya kwetu. Mwezi wa Mei bado yana baridi ya kukutoa meno nje. Julai na Agosti yamepata joto, ila na watu nao wamejaa. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Waitaliano na karibu nchi nzima huhamia baharini. Septemba ndio mwezi wa mtu mwenye akili. Bahari imekunywa jua la miezi mitatu, shule za Italia zinafunguliwa, na bei za vyumba zinashuka.

Kama hamna gari, anzeni na Poetto. Ufuo huu uko Cagliari kwenyewe, una urefu wa kama kilomita 8, na basi la mjini hukufikisha hapo. Hautakuwa mzuri kuliko yote utakayoiona, na wenyeji watakuambia kwa uchungu kwamba mwaka wa 2002 mchanga wake mweupe ulifunikwa kwa mchanga mweusi-mweusi uliochimbwa chini ya bahari, katika jitihada za kuujaza upya. Hata hivyo ni ufuo wa watu. Wazee hutembea jioni, vijana hucheza mpira, watoto hulamba aiskrimu. Na nyuma yake kuna maziwa ya Molentargius, palipokuwa pakivunwa chumvi zamani, ambapo heroe, wale ndege tunaowaita flamingo, wamekuwa wakitaga tangu mwaka wa 1993. Wasardinia huwaita "watu wekundu". Mtoto wa Nakuru atawasalimu kama majirani.

Hapo Poetto ndipo utakapojifunza sheria moja yenye faida. Nchini Italia ufuo ni mali ya serikali. Wafanyabiashara hupewa kibali cha kupanga miavuli na viti, na kukodi mwavuli mmoja na viti viwili kunaweza kukugharimu makumi ya euro kwa siku. Lakini zile mita tano za mwisho kandokando ya maji ni njia ya kila mtu, hakuna wa kukuzuia kupita. Aidha, kuna sehemu zilizoachwa bila mwenye miavuli, nazo huandikwa "spiaggia libera", yaani ufuo huru. Yakariri maneno hayo mawili kabla ya kupanda ndege. Nunua mwavuli wako dukani, fungasha mkate, jibini na maji, na mtashinda hapo kutwa bila kulipa ndururu.

Upande wa magharibi, katika rasi ya Sinis, kuna ufuo uitwao Is Arutas. Mchanga wake si mchanga hasa, bali ni punje za mawe meupe ya kwazi zenye ukubwa kama wa chembe za mchele. Haushiki mwilini, na maji yake ni maangavu. Hatua chache kwa gari kutoka hapo yako magofu ya Tharros, mji ulioanzishwa na Wafoinike karne ya nane kabla ya Kristo, na katika kijiji cha Cabras yamehifadhiwa masanamu makubwa ya mawe ambayo wakulima waliyafukua mwaka wa 1974 mahali paitwapo Mont'e Prama. Cabras pia hukausha mayai ya mkizi kwa chumvi na kuyakuna juu ya tambi. Ni chakula cha bei ghali, na kwa maoni yangu kina thamani ya pesa zake. Lakini kumbuka: hapa ni magharibi. Maestrale ikivuma, baki kwenye magofu.

Mashariki ndiko kwenye milima inayotumbukia baharini moja kwa moja, katika ghuba ya Orosei. Humo mna Cala Goloritzé, ufuo mdogo wa vijiwe vyeupe chini ya nguzo ya mwamba yenye urefu wa zaidi ya mita 140. Tangu mwaka wa 1995 umehifadhiwa kama kumbukumbu ya kitaifa. Mashua haziruhusiwi kutia nanga hapo. Ni lazima ushuke kwa miguu kama saa nzima kutoka uwanda wa Golgo, kisha upande tena jioni jua likiwa mgongoni. Idadi ya watu ni 250 kwa siku, na ni sharti uandikishe nafasi mapema na ulipe euro chache. Mwanafunzi mwenye viatu imara na chupa mbili za maji atapafurahia maishani mwake mwote. Mzazi anayebeba mtoto wa miaka mitatu begani na aende Cala Luna badala yake, ambako mashua kutoka Cala Gonone itamshusha mbele ya mapango makubwa yenye kivuli cha bure.

Kaskazini-magharibi kabisa, karibu na kijiji cha Stintino, kuna La Pelosa. Huu ndio ufuo ambao ningempeleka mtu anayeogopa maji. Visiwa vya Isola Piana na Asinara vimeukinga na bahari kuu, na maji huwa mafupi hadi mbali, ya rangi ya samawati mpauko, mbele ya mnara wa walinzi wa karne ya 16. Umaarufu huo nusura uuangamize. Mchanga ulikuwa ukiondoka kidogo kidogo kwenye taulo za watalii, kila taulo na gramu zake, hadi serikali ya mtaa ikaamua: watu 1,500 kwa siku msimu wa kiangazi, ada ya euro 3.50 kwa mtu mzima, na ni marufuku kutandaza taulo bila jamvi chini yake. Hapo Mswahili hahitaji kufundishwa. Mkeka wa nyumbani utafaa kabisa. Siku ya pili vukeni hadi Asinara, iliyokuwa gereza hadi miaka ya 1990 na sasa ni mbuga ya taifa, mkawaone punda weupe wanaozurura humo.

Tukizunguka hadi kaskazini-mashariki tunafika Costa Smeralda, na hapa kuna hadithi inayotugusa Wakenya. Pwani hiyo ya matajiri, yenye bandari ya Porto Cervo na mashua zenye ukubwa wa majumba, ilianzishwa mwaka wa 1962 na washirika waliokuwa chini ya Karim Aga Khan. Ndiye yule kiongozi wa Waismailia aliyeishi Nairobi utotoni, akaanzisha magazeti ya Nation, na kufariki Februari 2025. Hata ufuo mmoja wa huko, Spiaggia del Principe, yaani Ufuo wa Mwanamfalme, unasemekana kuitwa hivyo kwa sababu yeye aliupenda.

Lakini jiulize, msomaji: pwani nzuri kama hiyo ilikuwaje ikawa tupu hadi mwaka wa 1962? Jibu kwa sehemu kubwa ni malaria. Kwa karne nyingi Wasardinia waliikimbia pwani kwa kuhofia homa na maharamia, wakajenga vijiji vyao ndani ya milima. Ni baada ya kampeni kubwa ya kunyunyiza dawa ya DDT, iliyoanza mwaka wa 1946 kwa msaada wa wakfu wa Rockefeller wa Marekani na kumalizika mwaka wa 1950, ndipo ugonjwa huo ulipotokomezwa. Hadi hapo shamba la kando ya bahari lilihesabiwa kuwa si kitu. Husimuliwa kwamba baba akigawa urithi, wana wa kiume walipata malisho ya bara na mabinti wakapewa mchanga wa pwani. Kisha wanunuzi wakaja. Wapo waliouza kwa bei iliyoonekana kubwa siku hiyo, na leo wajukuu wao hawawezi kulipia chumba cha usiku mmoja mahali pale pale. Mtu wa Pwani yetu atalielewa jambo hili bila mkalimani.

Mwaka wa 2004 serikali ya kisiwa, chini ya Renato Soru, ilisimamisha ujenzi mpya katika ukanda wa kilomita mbili kutoka baharini, na miaka miwili baadaye ikapitisha mpango wa kulinda mandhari ya pwani. Ndiyo maana utaendesha gari muda mrefu kando ya bahari bila kuona hoteli hata moja. Nako Costa Smeralda, usiogope kuingia. Sheria ya ufuo ni ile ile hata kwa tajiri: egesha gari mbali, tembea, tandika mkeka wako.

Upo ufuo mmoja usiokanyagika. Katika kisiwa kidogo cha Budelli, mchanga ni wa waridi kwa sababu ya magamba ya viumbe wadogo sana wanaoishi kwenye majani ya bahari. Watalii waliuchota kwa mifuko hadi ukafungwa miaka ya 1990. Siku hizi utautazama kutoka kwenye mashua tu.

Na uchotaji haujaisha. Mwaka wa 2019 wenzi wawili kutoka Ufaransa walinaswa katika bandari ya Porto Torres wakiwa na kilo 40 za mchanga ndani ya chupa za plastiki. Sheria ya mwaka wa 2017 inatoza faini ya kati ya euro 500 na 3,000 kwa anayebeba mchanga, mawe au kombe. Kabla ya kuondoka, mwambie mtoto akung'ute viatu na kumwaga mifuko ya kaptura. Viwanjani mizigo hupekuliwa, na mchanga unaopatikana hurudishwa ufuoni. Wapo hata wageni ambao, baada ya kukaa na chupa kabatini miaka na miaka, huifunga katika kifurushi na kuirudisha Sardinia kwa posta.