Sheria ilifungua mlango, wateja hawakuhama

Mimi huandika programu za maduka hapa Machakos, kwa hiyo vita vya pesa za simu vinanigusa. Hadi 2014 mkataba wa Safaricom ulimzuia wakala wa M-Pesa kuhudumia kampuni nyingine. Airtel ililalamika, na mwaka huo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaagiza kizuizi kiondolewe.

Safi kabisa. Lakini wakala mdogo ana floti kidogo, naye huiweka penye wateja wengi. Wateja nao hukaa walipo ndugu zao. Mwenye duka akiweza kulipia njia moja tu, huchagua M-Pesa, nami namwandikia hiyo. Kwa hiyo hata programu zangu humwongezea nguvu mkubwa. Nyie mnaonaje, mdhibiti afanye nini zaidi?