Kina Kilichofichwa: Majambazi wa London na Vina Vyetu

Wapenzi wa lugha, leo naomba tuiache diwani kwa muda tuingie katika filamu ya majambazi. Lock, Stock and Two Smoking Barrels, filamu ndefu ya kwanza ya Guy Ritchie, ilitoka Uingereza mwaka 1998. Vijana wanne wa London wanachanga pauni 100,000. Mmoja wao anazipeleka kwenye mchezo wa karata wenye hila, na anaondoka mezani na deni la pauni 500,000 la kulipwa ndani ya juma moja. Kuanzia hapo bunduki zinalia, maiti zinaanguka, na mtazamaji anacheka hadi mbavu zimuume. Kinachomchekesha ni maneno, kwa kuwa wahalifu hawa hujibizana kwa madaha kama malenga walio kwenye malumbano.

Kipo kituko kimoja ambacho mshairi hapaswi kukipita. Mtu katika baa anasimulia ukatili wa jambazi aitwaye Rory Breaker. Anasema Kiingereza, katika filamu ya Kiingereza, lakini chini ya picha yanapita maandishi ya kumfasiri, nayo ni ya Kiingereza! Anatumia msimbo wa Cockney, wa London ya mashariki, uliozoeleka tangu karne ya 19, ambao hulificha neno nyuma ya kina. Kichwa ni head. Msemaji hutafuta fungu la maneno lenye kina hicho: loaf of bread, mkate mzima. Kisha hulitupa bread, neno lenyewe lenye kina, akabakiza loaf. Ukiambiwa utumie loaf yako, umeambiwa utumie akili. Kina kimekuwa daraja, na daraja limevunjwa baada ya mwenyewe kuvuka.

Nilishika kalamu nijaribu ufundi huo kwa Kiswahili. Pesa ina kina na Mombasa, basi nikaunda "bandari ya Mombasa", nikaikata mkia: "Leo sina bandari." Msikilizaji atafikaje kwenye pesa? Kwetu silabi ya mwisho yatosha kuwa kina, na wenye "sa" ni wengi: kisa, kosa, mkasa, tasa. Wingi huo ndio neema ya mtunzi wa shairi, ambaye hupanga beti kumi bila kuishiwa vina. Kwa mficha siri, wingi huohuo ni hasara, maana mlango wenye funguo mia haumwelekezi rafiki wala haumzuii adui.

Ndiyo maana, naamini, siri zetu zilitafuta njia nyingine. Ipo kinyume, ambayo huhamisha silabi ya mwisho mbele, kitabu kikawa "bukita". Lipo pia fumbo, linalotegemea mfanano wa vitu kuliko mfanano wa sauti. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Kuficha maneno si pambo katika filamu hii. Vijana wale wanapata mpango wao kwa kuwasikiliza majirani, majambazi wanaopanga wizi upande wa pili wa ukuta mwembamba. Majirani hao wanasema wazi, wanavamiwa, na damu inamwagika. Laiti wangefumba!

Kwa hiyo nawasihi mafundi wanaozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili: msimtie jambazi huyu katika lugha ya taarifa ya habari, wala msizibe pengo kwa matusi. Mkifanya hivyo, watazamaji watabaki na risasi tupu, na kijana ataondoka akidhani Kiswahili hakina makali ya kuchekesha. Loaf ile haitafsiriki kwa kina; itafsirini kwa fumbo. Mimi ningemwambia yule mwenye deni: "Itikise nazi yako, tusikie kama bado ina maji." Mwenye nazi yenye maji ataelewa.